Gari la Haibridi na Vumbi la Turkana
Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Haibridi la kawaida halichomekwi kwenye soketi: ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kujaza betri. Hivyo mjini, penye kusimama na kuondoka, mafuta na moshi hupungua. Kwenye barabara ndefu ya Lodwar hadi Kakuma akiba hiyo ni ndogo zaidi.

Ila tahadhari na vumbi! Katika Toyota Prius nyingi, kando ya kiti cha nyuma pana tundu la feni inayopoza betri. Usilizibe kwa gunia. Lisafishwe mara kwa mara, maana vumbi likiliziba, betri hukosa hewa na kuchakaa upesi. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkali. Usiziguse; mwachie fundi aliyesomea. Na tundu lisafishwe mapema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.