Mtambo wa Langilangi: Hesabu Kuni Kabla ya Kununua Chungu

Natumaini walimu wenu wamekwisha kuwagawia karatasi za somo hili, ili mfuate kwa macho maneno mnayoyasikia kwa masikio. Leo tutazungumza juu ya kazi ya mikono inayoweza kufanywa na watu wa nyumba moja, baba, mama na watoto wao. Kazi hiyo ni kukeneka mafuta ya langilangi.

Kukeneka ni nini? Ni kuchemsha kitu, kuuchukua mvuke wake, na kuupoza mpaka urudi kuwa maji. Wapikao gongo hufanya hivyo hivyo. Lakini gongo humleta askari mlangoni, na mafuta ya langilangi humleta mnunuzi.

Maua ya langilangi yanajulikana sana Unguja, Mombasa na Lamu, ambako hupambwa nayo maarusi. Lakini nchi inayosifika kuliko zote kwa mafuta yake ni Visiwa vya Komoro, ambavyo wazee wengi huviita Ngazija. Viko baharini kati ya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Kimoja kati ya visiwa hivyo ni Nzwani, ambacho Wafaransa hukiita Anjouan. Ni kisiwa cha milima mirefu, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 424 tu. Hakifikii hata nusu ya Pemba. Watu wake ni wengi na mashamba ni machache. Mtu wa kisiwa kama hicho, kilicho mbali na masoko, hufaidika akiuza kitu chepesi chenye thamani kubwa. Mzigo wa ndizi huoza kabla ya kufika ng'ambo. Chupa ya mafuta haiozi upesi, na hubebwa kwa mkono mmoja. Mafuta hayo hununuliwa na watengenezaji wa manukato, hasa Ufaransa. Manukato mashuhuri ya Chanel No. 5, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1921, yana mafuta ya langilangi ndani yake.

Basi tuanze shambani. Mlangilangi ukiachwa hukua mrefu kama mnara. Kwa hiyo mkulima huukata kilele ungali mchanga, na kuyainamisha matawi yake, ili maua yachumwe na mtu aliyesimama chini. Ua changa ni la kijani, na halifai. Ua lililokomaa ni la manjano, na ndani yake, mwanzo wa majani yake, huonekana alama ndogo nyekundu. Wachumaji, ambao wengi ni wanawake, huenda shambani alfajiri. Jua likipanda, harufu hupungua. Maua yakilundikwa hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo yanayochumwa asubuhi yapasa kuingia katika chungu siku ile ile.

Sasa tuutazame mtambo wenyewe. Una sehemu nne. Ya kwanza ni chungu kikubwa chenye kifuniko kinachobana. Chungu cha chuma cha kawaida ni rahisi, lakini huyatia mafuta rangi mbaya. Cha shaba nyekundu au cha chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini mafuta yake hutoka safi. Ya pili ni bomba linalotoka juu ya kifuniko. Ya tatu ni tangi la maji baridi, ambalo bomba hupita ndani yake. Ya nne ni chombo cha kupokelea.

Maji na maua hutiwa katika chungu, na moto huwashwa chini yake. Mvuke hupanda pamoja na mafuta ya maua, hupita katika bomba, na ukifika penye maji baridi hugeuka kuwa maji. Katika chombo cha kupokelea, mafuta huelea juu, na maji hubaki chini. Tangi likiwa na maji ya vuguvugu, mvuke hupita bila kupoa, na mali yako huruka hewani. Ndiyo sababu mitambo mingi ya Nzwani hujengwa karibu na kijito.

Tufanye hesabu kidogo. Kilo 100 za maua hutoa mafuta kilo 2 hivi. Je, kilo 50 zitatoa ngapi? Kilo 1. Naam, ndivyo.

Tena mafuta hayo si ya namna moja. Yanayotoka saa za mwanzo ndiyo mazito, yenye harufu nzuri kabisa, na bei yake ni kubwa. Yanayofuata ni mepesi zaidi, na bei hushuka. Fundi hutia kila daraja katika chupa yake, na kuandika juu yake. Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapoleta fedha. Mnunuzi huja na kipimo cha uzito wa mafuta, kilichoandikwa tarakimu. Asiyeweza kusoma tarakimu hizo hana budi kukubali neno la mnunuzi.

Kuyatoa mafuta yote, moto lazima uwake saa 18 au zaidi, hata usiku kucha. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mtu anayetaka kuanza kazi hii huuliza kwanza, "Chungu ni bei gani?" Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. Swali la kwanza ni hili: "Kuni zitatoka wapi?" Chungu hununuliwa mara moja. Kuni hutakiwa kila siku ya kupika.

Tuseme kila upishi mmoja unakula mizigo 10 ya kuni, na jamaa wanapika mara 2 kwa juma. Hiyo ni mizigo 20 kwa juma. Mwaka una majuma 52. Zidisha 20 kwa 52, utapata mizigo 1,040. Huo ni mtambo mmoja tu. Je, kijiji kikiwa na mitambo mitano?

Katika Nzwani jambo hili limekwisha kuonekana kwa macho. Misitu ya mlimani imekatwa kwa mashamba, kwa majengo, kwa jiko la nyumbani, na kwa kuni za langilangi pia. Mlima ukiwa mtupu, mvua hukimbia baharini na udongo wake, badala ya kuingia ardhini. Mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka wakati wa kiangazi. Na mtambo bila maji ya kupoza ni chungu tupu. Basi aukatae msitu wote ili apike mafuta, mwishowe huukata mtambo wake mwenyewe.

Lakini dawa ipo. Kwanza, tanuri. Moto wa mafiga uliowazi huwapasha joto zaidi watu kuliko chungu. Jenga tanuri lililozibwa pande zote, lenye mlango wa kutilia kuni na bomba la kutolea moshi. Tuseme tanuri hilo linapunguza mizigo 3 tu kila upishi. Badala ya 1,040 utatumia 728. Umebakiza mizigo 312 kwa mwaka, na migongo ya wake zenu na watoto wenu imepumzika.

Pili, anikeni kuni mpaka zikauke. Ukuni mbichi hutumia moto wake kujikausha wenyewe.

Tatu, pandeni miti inayokua upesi kando ya mipaka ya shamba, ile ambayo ukiyakata matawi yake huchipua tena. Ipandeni mwaka ule ule mnaopanda milangilangi, wala msingoje. Mlangilangi huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa maua ya kutosha, na kuni zitakuwa zinakua pamoja nao.

Nne, msing'oe mihogo na migomba kwa ajili ya langilangi. Bei ya mafuta huamuliwa ng'ambo, na huweza kuanguka. Mafuta yasiyo na mnunuzi hayaliwi.

Basi, kwa leo tukomee hapo. Atakaye mtambo akae kwanza na jamaa zake, achukue kalamu, aandike mambo matatu: maua, maji, kuni. Yote matatu yakitosha, ndipo aende kutafuta chungu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini maua huchumwa alfajiri?
2. Kilo 350 za maua zitatoa mafuta kilo ngapi?
3. Jiko la nyumbani kwako hula mizigo mingapi ya kuni kwa mwaka? Andika hesabu yako.
4. Mto au kijito cha kwenu kina maji kama zamani? Waulizeni wazee.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.