Vitamini A Inahitaji Mpagazi

Leo tuongee juu ya macho ya watoto wetu.

Jua likizama, mtoto wako anajikwaa kwenye vyungu? Anapapasa akitafuta sahani yake? Usiseme, "Ni uzembe tu." Huenda mwili wake umekosa vitamini A. Akicheleweshwa, macho yanakauka, yanafanya vidonda, na anaweza kuwa kipofu kabisa.

Mama mmoja atauliza: "Lakini mimi nampikia sombe na mafuta mekundu ya mawese. Vitamini si imo humo?" Imo, mama. Mwili unaiweka akiba katika maini. Lakini mchele ukijaa ghalani hapa Salamabila, utafika wenyewe kwenye soko la Kasongo? Haufiki. Unataka mtu wa kuubeba. Vile vile vitamini A haitembei peke yake katika damu. Ina mpagazi wake, ambaye wataalamu wa Marekani walimtambua mwaka 1968. Ni protini ndogo sana inayotengenezwa na maini. Anashikana na mwenzake mkubwa zaidi asipotelee katika mkojo, na hivyo anafikisha mzigo machoni.

Huyu mpagazi anajengwa kwa nini? Kwa vyakula vya kujenga mwili: maharagi, karanga, ndagala, mayai, nyama. Mtoto anayekula bugali mtupu kila siku, mpaka anavimba miguu kwa bwaki, maini yake hayatengenezi wapagazi wa kutosha. Hata akiba kidogo iliyobaki inalala ghalani. Surua nayo inawapunguza.

Basi, wamama, fanyeni hivi:

1. Sahani ya mtoto iwe na majani (sombe, lengalenga, matembele), mafuta mekundu, na maharagi au karanga au samaki. Msiunguze mafuta mpaka yawe meupe, vitamini inakufa.

2. Mnyonyeshe mpaka miaka 2 au zaidi.

3. Toka miezi 6 mpaka miaka 5, mlete kila miezi 6 apewe vitamini A. Wewe mwenye mimba, usimeze dawa ile ya mtoto. Inaweza kumdhuru aliye tumboni.

4. Haoni jioni, au jicho limekauka? Mlete siku ile ile. Usitie maji ya majani jichoni.

Leo jua likizama, mtazame mtoto wako anavyotembea.