Njia Ikifungwa kwa Sherehe, Mwenye Baisikeli Apite Wapi?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wenyeji wa Korbesa, katika Kaunti ya Isiolo, na kijana wao afanyaye kazi Nairobi.)



Nimeombwa niwaeleze wale wanaokusudia kwenda Nairobi kutafuta kazi jinsi mtu aishivyo huko. Mambo ni mengi, wala siwezi kuyamaliza leo. Nitasema juu ya moja tu, ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni habari ya mwenye baisikeli anapokuta barabara ya mji imefungwa kwa ajili ya sherehe, mbio au mkutano. Nimelichagua kwa sababu limenigusa mimi mwenyewe, na kwa sababu naona kwamba watu wa Korbesa tunayo maarifa yawezayo kuwafaa watu wa mjini.

Hapa kwetu njia hufungwa na maji. Mto wa Ewaso Nyiro ukifurika, kama ulivyofurika katika mvua kubwa za mwaka 2023, gari halipiti, na msafiri hungoja. Hakuna amlaumuye mto, maana mto hauna baraza wala hautoi tangazo. Lakini Nairobi njia hufungwa na watu, nao watu waweza kusema kabla ya kutenda.

Mifano si haba. Mwezi wa Julai 2015, Rais Obama wa Marekani alipokuja, barabara kubwa za mji zilifungwa, na watu wengi walikwenda kazini na kurudi kwa miguu. Novemba ya mwaka ule ule alikuja Baba Mtakatifu Francis, na njia zikafungwa tena. Mbio ndefu za Nairobi zimekimbiwa tangu mwaka 2003, na kwa miaka mingi zilianzia katika uwanja wa Nyayo na kupita katika barabara ambazo siku nyingine hujaa magari. Mwezi wa Septemba 2023 ukafanyika mkutano mkuu wa Afrika juu ya hali ya hewa katika jumba la KICC, na njia za jirani zikazuiwa. Mkutano ule ulihusu kupunguza moshi, hali mwenye baisikeli, ambaye chombo chake hakitoi moshi hata kidogo, alikuwa miongoni mwa waliozungushwa mbali.

Sisemi kwamba mambo hayo ni mabaya. Mji mkuu hauna budi kupokea wageni, na mbio huwaletea vijana wetu sifa na riziki. Nasema tu kwamba njia ikifungwa, mzigo hauwaangukii watu wote sawasawa. Mwenye motakaa akizungushwa maili tatu huongeza petroli kidogo. Mwenye baisikeli petroli yake ni miguu yake, na tena hupelekwa penye malori. Hata bila sherehe yoyote njia zake ni chache. Ile barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, haimruhusu yeye wala aendaye kwa miguu. Mwezi wa Mei 2022 wakimbiaji walikimbia juu yake siku moja. Siku chache baadaye ikafunguliwa kwa magari, na siku za kawaida watu wa miguu na wa baisikeli hubaki chini.

Sasa niwaeleze yaliyonipata. Mimi na mwenzangu tulikuwa tukipeleka mikate madukani kwa baisikeli kabla ya mapambazuko. Asubuhi moja tulikuta vizuizi katika njia tuliyoizoea. Hatukuwa tumesikia tangazo lolote, wala pale hapakuwa na kibao cha kutuonyesha njia nyingine. Tulielekezwa kwa mkono tu: "Piteni kule." Kule kulikuwa na barabara pana ya malori, isiyo na kando ya kupitia. Mwenzangu aliguswa na gari, akaanguka, akavunjika mguu. Alikaa miezi minne bila kazi, na watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Aliyepanga sherehe ile hakumtakia mabaya. Hakumkumbuka, basi.

Nilipokaa naye hospitalini nilikumbuka baraza la dedha. Vijana mwajua jinsi wazee wetu wa Waso wanavyotunza malisho. Huamua ni mahali gani pa kulishwa wakati wa mvua, mahali gani pa kiangazi, na mahali gani pa kuwekwa akiba kwa ukame. Wanapofunga malisho hufanya mambo matatu. Kwanza, hupeleka habari mapema, hata kwa mchungaji aliye mbali. Pili, humwonyesha mahali pengine penye majani na maji, kwa maana kumfukuza mtu bila kumwonyesha pa kwenda si kutawala. Tatu, husema yatafunguliwa lini. Ndiyo sababu watu hutii, na anayevunja amri hutozwa faini pasipo kunung'unika. Barabara ya mji nayo ni malisho ya wengi. Ifungwe kwa desturi hiyo hiyo.

Wala msidhani kwamba jambo hili haliwezekani mjini. Mwezi wa Septemba 2025, mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani, ambayo hayajapata kufanyika Afrika kabla ya hapo. Njia nyingi zilifungwa tangu tarehe 21 hata 28. Lakini serikali ya Rwanda ilitangaza mapema: shule za mji zilifungwa kwa siku hizo, watumishi wa serikali ambao kazi yao haikuwalazimu kufika ofisini walitakiwa kufanyia kazi nyumbani, na watu walielezwa njia nyingine za kupitia. Kigali umezoea mambo haya, kwa kuwa tangu mwaka 2016 una siku maalumu ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari na kuachiwa waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Nao mji wa Bogotá, huko Kolombia, hufanya hivyo kila Jumapili katika njia zaidi ya kilomita 100, desturi iliyoanza mwaka 1974.

Nairobi yenyewe haikosi nia njema. Mwaka 2015 kaunti ilitoa sera iliyosema kwamba sehemu 20 katika kila 100 za fedha za usafiri zitumiwe kwa ajili ya waendao kwa miguu na wenye baisikeli. Sera hiyo ikumbukwe pia siku za sherehe, kwa kuacha nafasi ndogo kando ya kizuizi, kuweka kibao, na kutoa tangazo katika radio siku kadhaa kabla.

Mpaka hayo yatakapotimizwa, ninyi mtakaokwenda mjini shikeni mashauri haya:

1. Ulizeni jioni kama kuna njia itakayofungwa kesho, hasa Jumapili na siku za sikukuu.

2. Jifunzeni njia mbili za kufika kazini, na ya pili mwipite mara moja kabla ya siku ya haja.

3. Mkifika penye kizuizi, shukeni. Msalimuni askari kwa adabu, mwombe ruhusa ya kuisukuma baisikeli kandokando. Mara nyingi atakubali. Akikataa, msibishane.

4. Msikubali haraka iwapeleke upande wa magari yanayowajia. Washeni taa, na vaeni nguo ionekanayo gizani.

5. Mwambieni mwajiri mapema. Kuchelewa kazini kuna dawa, lakini mguu uliovunjika huila nyumba nzima.

Mwenzangu amepona, ingawa achechemea, naye amerudi katika baisikeli yake. Nilipomwambia nakuja Korbesa aliniambia niwaombe wazee jambo moja: siku wakubwa wa mji watakapofika huku kuuliza habari za malisho, waelezeni pia jinsi mnavyoyafunga.