Grafu ya Mwendo Inayochorwa na Hatua za Mwanafunzi
Katika Bambu, mji mdogo wa machimbo ya dhahabu kwenye vilima vya Djugu mkoani Ituri, mwanafunzi anayeonyeshwa grafu ya mwendo, yaani mchoro unaolinganisha umbali na muda, huenda akadhani kwamba mstari unaopanda ni mtu anayekwea mlima, ilhali unaeleza tu kwamba mtu huyo anazidi kwenda mbali. Kosa hili limeenea duniani, na tiba yake bora ni kihisi mwendo, kifaa kinachorusha mawimbi ya sauti yasiyosikika, kikapima muda wa mwangwi kurudi na kukokotoa umbali: kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, mwangwi unaorudi baada ya sekunde 0.01 humaanisha kwamba mtu yuko umbali wa mita 1.7 hivi. Mwanafunzi akitembea kuelekea mbali, mstari hupanda papo hapo, akisimama, hulala, akirudi, hushuka. Kasi hiyo ya jibu ndiyo kiini, kwani utafiti wa Heather Brasell, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kwamba kuichelewesha grafu hata kwa muda mfupi tu kulipunguza sana faida yake.

Kwa shule isiyo na maabara, programu ya bure ya phyphox, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, huigeuza simu janja kuwa chombo cha vipimo, wala haihitaji intaneti ikishapakuliwa. Wakuu wa shule za Ituri, ambako vita vimefunga madarasa mengi, na waruhusu walau simu ya mwalimu iingie katika somo la fizikia.