HOTUBA YA KATIBU: NAULI YA MOSHI HAIKUPOTEA



Tumesikia maneno kilabuni na kisimani. Eti nauli ya ushirika imekwenda bure, maana kijana wetu amerudi kutoka Kilimanjaro Marathon bila kikombe. Jamani, tuelewane.

Tulimtuma akakimbie kilomita 21. Amezikimbia zote. Mwanzoni alifuatana na wenye mbio kali, pumzi ikamwishia. Kilima cha kwenda Mweka kikamkuta amechoka, watu wakampita, hata wazee. Akapunguza mwendo, akanywa maji kidogo kidogo, akaingia Uwanja wa Ushirika kwa miguu yake mwenyewe. Sasa amejua kugawa nguvu, na anawafundisha wenzake.

Mwaka 1968 kule Mexico, Ndugu John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni, akaumia goti. Hakuacha. Walianza watu 75, wakamaliza 57, yeye akiwa wa mwisho wao. Taifa linamheshimu hadi leo. Je, naye alipoteza nauli?

Sasa mabinti wawili wanaomba kwenda mwakani. Wanafanya mazoezi alfajiri kabla ya kushika jembe, na wapo wanaowacheka. Kucheka hakujengi kijiji. Jumamosi tutapiga kura juu ya nauli yao. Sisi wa ofisi ya tawi tunasema: waende. Kikombe kikija, tutashukuru. Kisipokuja, tutawapokea kwa ngoma vilevile.

Ushirika ni nguvu!

Katibu wa Tawi