Nyumba Zipo, pa Kukaa Hakuna

Nendeni Shela, Lamu, msimu wa wageni ukiisha. Majumba yamefungwa, anayelala ndani ni askari tu. Na kijana wa hapo hapo ataka kuoa, hana chumba cha kukodi. Mwenye nyumba akishazoea mgeni wa kulipa kwa usiku, wewe wa kulipa kwa mwezi atakutakia nini?

Barcelona walitangaza 2024 kwamba leseni za fleti za watalii zitakoma 2028. Sisi tuna Katiba: kifungu cha 43 chatupa haki ya makao; cha 65 chasema asiye raia hukodi ardhi tu, isizidi miaka 99. Basi iulizeni kaunti: nyumba ngapi ziko tupu? Na ya babu msiiuze kabla ya kikao cha familia. Ikishakwenda, hairudi.