Sauti Ndani ya Dohani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya dohani, yaani lile bomba la moshi ambalo wengi wetu twaliita chimni. Ninyi mlioko Mombasa na Kisumu labda mtacheka, maana huko ni nani awashaye moto sebuleni? Lakini wenzenu wa Limuru, wa Molo na wa Kericho waijua baridi ya mwezi wa Julai jinsi iingiavyo mifupani. Nyumba nyingi za mawe za huko zilijengwa na dohani tangu zamani za walowezi, na wengine wetu twakaa ndani yake mpaka leo.

Nyumba tuliyohamia sisi iko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Waliotutangulia hawakuwasha moto sebuleni kwa miaka mingi. Usiku wa pili tulikuwa tumeketi, chakula kimekwisha, mara tukasikia mtu akikoroma ndani ya ukuta. Si panya, si upepo. Kukoroma kabisa, kwa pumzi ndefu, kama mzee aliyelala chali. Kisha kukatoka ukelele mmoja uliowafanya watoto wakimbilie jikoni. Nyanya yetu alishika fimbo yake akasema, "Wanangu, nyumba hii ina mwenyewe."

Hapa yatubidi tuseme kweli, ingawa si jambo la kujisifia. Siku tuliyohamia, ng'ombe wa jirani yetu, mama mmoja mjane, aliingia akala sukuma wiki tuliyoikuta shambani. Tulimwambia maneno makali. Naye alijibu neno moja tu, "Mtaona," akamvuta ng'ombe wake akaenda. Basi sauti ile ilipoanza, neno "mtaona" likaturudia masikioni. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba yule mama ametufanyia jambo, lakini kila mmoja alikuwa akiliwaza. Majuma matatu tulipita mlangoni kwake bila kumwamkia. Watoto waliacha kucheza na wajukuu wake, na sisi hatukuwauliza sababu, maana tuliijua.

Mwishowe tulimwita fundi wa mawe, mzee wa siku nyingi aliyetengeneza dohani za nyumba za mashamba ya chai. Tulidhani atapanda juu ya paa mara moja. Hakupanda. Aliomba chai, akatuuliza, "Sauti hiyo yaja saa ngapi? Kuna upepo? Moto unawaka au umezimika?" Hatukuweza kumjibu. Akatuambia tuandike katika daftari la mtoto siku nne, kila sauti na saa yake, ndipo arudi.

Ndugu zetu, daftari lile lilitufunza kwamba hatukuwa na sauti moja, bali tulikuwa na nne.

Ya kwanza ilikuwa mvumo mzito, uliokuja alasiri upepo ukitoka upande wa majani ya chai. Fundi alichukua chupa tupu ya soda, akapuliza juu ya mdomo wake, ikavuma. Dohani ni chupa kubwa, akasema. Upepo ukipita juu ya kinywa chake, hewa iliyo ndani yatetemeka. Kadiri bomba lilivyo refu, ndivyo sauti ilivyo nene. Ya pili ilikuwa kugongagonga, nayo ilikuwa bati la kuzuia mvua lililong'oka msumari mmoja. Ya tatu ilikuwa tik-tik ndogo kutoka jikoni nyuma, ambako jiko la kuni lina bomba la chuma. Chuma kikipata moto chatanuka, kikipoa chajikunja, na kila kinapojivuta chalia. Hiyo haina dawa wala haihitaji dawa.

Ya nne ndiyo yule mkoromaji. Yeye alianza kila siku karibu na saa moja na nusu jioni, upepo uwepo usiwepo. Fundi alipiga magoti mbele ya meko, akapapasa majivu ya kale, akatoa vidonge vyeusi vikubwa kama kidole gumba. Alikivunja kimoja mkononi mwake. Ndani mlikuwa na manyoya, na mifupa myembamba, na fuvu zima la panya. "Huyu hapa mchawi wenu," akasema. Hatukuwa tumemwambia habari za uchawi. Nadhani alikwisha kuziona nyumba nyingi.

Alipanda na tochi. Mahali dohani inapopinda pana ukingo wa mawe, na juu yake walikaa makinda watatu wa bundi, wale wenye uso mweupe mfano wa moyo. Makinda hao wakiwa na njaa hukoroma hivyo kumwita mama yao alete chakula, na mkubwa wao ndiye apigaye ukelele. Kwetu bundi ni ndege wa msiba. Akilia juu ya paa, watu huulizana ni nani aliye mgonjwa. Lakini huyu hutafuta panya usiku kucha, na ghala yetu ya mahindi ilikuwa ikimshukuru bila sisi kujua. Huyaatamia mayai yake kama siku 30, na makinda huruka wakifika juma la nane au la tisa. Fundi alikadiria wamebakiza majuma matano. Alikataa kuwatoa, akatukataza kuwasha moto hata kijiti, kwa sababu njia ya moshi ilikuwa imezibika nusu.

Majuma matano ya Julai na Agosti bila moto! Hapo ndipo tulipofanya kosa lililo kubwa kuliko lile la kwanza. Usiku mmoja nyanya alitetemeka hata meno yakagongana. Tukaleta jiko la makaa chumbani mwake, alimolala na watoto wawili, tukafunga dirisha, tukaziba na chini ya mlango kwa gunia ili joto lisitoke. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo, nasi tukaona ni salama.

Wasikilizaji wetu, makaa yasiyotoa moshi ndiyo yadanganyayo. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa safi tunayoihitaji, hata mtu akawa anapumua na huku mwili wake wakosa pumzi. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hazioni dalili hizo; hulala tu moja kwa moja. Na dohani iliyozibwa na kiota huweza kuirudisha hewa ile ile chumbani.

Asubuhi ile yule mama mjane alikuja kudai kamba yake, watoto walikuwa wameichukua. Sisi tulikuwa nje tukikamua. Alimwona mtoto mmoja amejikokota hadi ukumbini, anatapika. Hakubisha hodi. Aliingia chumbani, akafungua dirisha kwa kishindo, akalitoa jiko nje kwa mikono yake, akamburuta nyanya pamoja na blanketi hadi uwanjani, kisha akamrudia mtoto wa pili. Tulipofika tulimkuta amempakata, anampepea kwa kanga. Tukawapeleka wote watatu hospitali, wakatiwa hewa safi kwa mashine, nao wakapona. Daktari hakutusemea vizuri, wala hatukustahili.

Tulimrudishia kamba yake siku iliyofuata. Tulikaa kwake muda mrefu, tukamwambia yote, hata lile tulilokuwa tukilifikiri usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba "mtaona" maana yake ilikuwa: mtaona jinsi ua wenu ulivyooza, hata mbuzi wataingia.

Sasa habari ya kutengeneza, maana wengine mmetuandikia mkiuliza. Bundi walipokwisha kuruka, fundi alitandika blanketi kuukuu mbele ya meko, akasugua dohani toka juu kwa brashi ya waya iliyofungwa katika fimbo ndefu. Masizi yalijaa debe moja na nusu. Kinywani aliweka kofia ya bati yenye wavu wa waya pande zote, matundu yake kama nusu inchi. Yakiwa madogo zaidi huzibwa na masizi. Wavu wazuia ndege, na kofia imeupunguza ule mvumo. Kama kwenu sauti ni ya kuvuma mfululizo mchana wa jua, huenda ni nyuki. Msiwashe moto chini yao, maana nta huyeyuka ikawaka. Mwiteni mrina asali.

Na ikiwa siku moja moto unawaka na dohani yanguruma kama lori lipandalo mlima, hiyo si sauti ya kuandika katika daftari. Ni lami ya moshi iliyoganda ndani, nayo imeshika moto. Toeni watu wote nje, fungeni mlango nyuma yenu, iteni msaada, wala msimimine maji kutoka juu, kwa kuwa mawe ya moto hupasuka. Lami hiyo hutokana na kuni mbichi. Sisi sasa twapasua mikaratusi mwaka mmoja kabla ya kuichoma, na dohani husafishwa kila mwaka mwezi wa Machi, kabla ya mvua ndefu.

Masizi yale yule mama aliyaomba kwa ajili ya mboga zake. Ua tuliujenga upya pamoja, yeye akatoa nguzo sita. Nyanya amehamishia kiti chake karibu na meko, na jioni bundi akilia huko kwenye miti ya mpakani, humwambia mtoto, "Nenda kamwulize mama jirani kama naye amemsikia."